Shingo Ndiyo Inayochagua Diski

Msikilizaji, mwaka 1998 jarida moja kubwa la upasuaji wa ubongo na neva lilichapisha taarifa iliyotoka hospitali ya Frenchay, mjini Bristol, Uingereza. Daktari Brian Cummins na wenzake walieleza jinsi walivyowapandikizia wagonjwa 20 kiungo bandia cha shingo kilichotengenezwa kwa chuma cha pua: tufe upande mmoja, kikombe upande wa pili. Nia yao ilikuwa kuondoa diski iliyoharibika bila kuinyima shingo mwendo wake. Viungo vingi vilicheza kama ilivyokusudiwa. Vichache vikagoma. Vilipochunguzwa, ikaonekana kwamba vile vilivyogoma vilikuwa vimewekwa kati ya pingili ya sita na ya saba, na vilikuwa vikubwa mno kwa nafasi ile, hata viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikawa vimeachanishwa kabisa. Kilichovinyima mwendo ni saizi isiyoafikiana na shingo iliyovipokea.

Ni hilo la saizi ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu mazungumzo ya diski bandia huanzia mahali pasipofaa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba diski yake ya shingo imechakaa, akishasikia kuna ya bandia, huuliza ipi ni bora: ya Marekani au ya Ufaransa, yenye plastiki katikati au ya chuma juu ya chuma. Watengenezaji nao humjibu kwa lugha hiyohiyo, kwa sababu wao wanauza jina. Hoja yangu ni kwamba jina linastahili kuwa swali la tatu au la nne. La kwanza ni kama shingo hii, ya mtu huyu, katika kiwango hiki cha pingili, inafaa kupewa kiungo kinachocheza. La pili ni kama ipo saizi na umbo litakalokaa humo bila kuilazimisha. Jibu la maswali hayo likiwa hapana, kuziunganisha pingili ni tiba kamili, wala mgonjwa hajapewa makombo.

Tuanze na shingo yenyewe. Ina pingili saba. Kati ya ya kwanza na ya pili hakuna diski. Kuanzia chini ya ile ya pili ndipo kila pingili inapotenganishwa na inayofuata kwa diski yenye kiini laini na ukingo wa nyuzi ngumu. Zinazochakaa zaidi ni ile ya kati ya pingili ya tano na ya sita, na ile ya kati ya sita na saba. Diski ikichomoza nyuma, au mifupa ikiota vichomozo kandokando yake, mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi hubanwa. Mtu husikia maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi vidoleni, au ganzi, au mkono unaishiwa nguvu kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Ikibanwa njia ya neva iliyo katikati ya uti wa mgongo, miguu nayo huanza kuyumba, na hapo kusubiri ni hatari. Lakini si kila anayeumwa mkono anahitaji kisu. Uchunguzi uliofanywa Rochester, Minnesota, kwa wagonjwa 561 waliobainika kati ya 1976 na 1990, ulionyesha kwamba asilimia 90 yao, walipoonekana mara ya mwisho, hawakuwa na dalili au walibaki na usumbufu mdogo tu. Na waliofanyiwa upasuaji walikuwa kama robo. Hilo tulishike kabla hatujaanza kusifia chuma chochote.

Kwa wale wanaohitaji upasuaji, njia iliyozoeleka tangu miaka ya 1950, enzi za Ralph Cloward, na za George Smith na Robert Robinson, ni kupita mbele ya shingo, kuitoa diski yote, kuziba pengo kwa kipande cha mfupa au kifaa cha kulishikilia, kisha kuziacha pingili mbili ziungane ziwe mfupa mmoja. Njia hiyo inatibu. Lawama iliyoiandama ni kwamba pingili mbili zikishakuwa moja, jirani zake hubeba mwendo uliopotea, na diski za jirani huchakaa upesi. Mwaka 1999 Alan Hilibrand na wenzake nchini Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 374: kila mwaka, kwa wastani, asilimia 2.9 walipata ugonjwa mpya kwenye pingili za jirani, na baada ya miaka kumi walikadiria kwamba zaidi kidogo ya robo wangeupata. Takwimu hiyo iliipa nguvu biashara ya diski bandia. Hata hivyo ndani ya taarifa ileile mlikuwa na jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: waliounganishwa pingili nyingi walipata ugonjwa wa jirani kwa uchache kuliko waliounganishwa moja. Kama kuunganisha peke yake ndiko kunakoharibu jirani, tungetegemea kinyume chake. Huenda sehemu kubwa ya uchakavu ule ulikuwa ukija tu, kwa umri na kwa maumbile, chuma kiwepo kisiwepo.

Sasa tuingie ndani ya ile nafasi, kwa maana humo ndimo mambo yanapoamuliwa. Nafasi ya diski ya shingo haina umbo la sanduku. Paa lake, yaani uso wa chini wa pingili ya juu, limebonyea kama kuba ukilitazama kwa ubavu. Sakafu yake karibu ni tambarare kutoka mbele kwenda nyuma, lakini kushoto na kulia zinanyanyuka kingo mbili za mfupa zinazoishikilia pingili ya juu isiteleze pembeni. Kutoka mbele hadi nyuma, kwa mtu mzima, ni kama milimita 15 hadi 18. Urefu wa kwenda juu ni milimita chache, na vipandikizi vingi huuzwa katika vimo vya milimita 5, 6 na 7. Maana yake ni kwamba milimita moja, ambayo katika goti au nyonga ingeweza kusamehewa, hapa ni sehemu kubwa ya nafasi nzima. Tena pingili hazizunguki kwenye nukta moja shingo nzima. Kwenye pingili za juu, kitovu cha mzunguko kinakaa chini sana ndani ya mwili wa pingili iliyo chini. Ukishuka kuelekea ya sita na ya saba, kitovu hicho kinapanda kuikaribia diski. Kwa hiyo kiungo chenye tufe na kikombe, ambacho kitovu chake kimewekwa kiwandani na hakihami, kinaweza kuafikiana na kiwango kimoja cha shingo ya mtu na kugombana na kingine katika shingo hiyohiyo.

Wahenga wa fani hii walijifunza kwa gharama. Kabla ya Bristol, katika miaka ya 1960, Ulf Fernström wa Uswidi alikuwa akiweka mipira ya chuma katika nafasi za diski, na mwaka 1964 madaktari Reitz na Joubert wa Afrika Kusini wakaripoti matumizi ya mipira hiyo shingoni. Mpira hukaa juu ya nukta ndogo. Uzito wa kichwa, kama kilo tano, pamoja na nguvu ya misuli inayokishikilia, unashukia nukta hiyo, na mfupa hauna ubishi wa muda mrefu: mpira huzama. Vipandikizi vya leo vimeacha umbo la mpira na kuchukua mabamba mawili yenye kiungo katikati, ili mzigo usambae. Lakini kusambaa kwa mzigo kunategemea bamba lifike kwenye ukingo wa pingili, ambako mfupa ni mgumu, na katikati uso wa mfupa ni dhaifu zaidi. Bamba dogo linalokaa katikati tu limerudia kosa la mpira kwa sura mpya.

Je, mabamba yanayouzwa yanafika ukingoni? Madaktari wa Innsbruck, Austria, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2013. Walichukua picha za CT za watu 24, wakapima nyuso 192 za pingili, kisha wakalinganisha na saizi kubwa kabisa za vipandikizi vilivyokuwa vikitumika sana wakati huo. Katika zaidi ya nusu ya vipimo, hata ile saizi kubwa kabisa ilikuwa fupi kutoka mbele hadi nyuma, na karibu hali hiyohiyo ilionekana kwa upana. Katika pingili za chini, ambako ugonjwa hutokea zaidi, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi: kama sita kati ya kumi. Tafakari hilo, msikilizaji. Hawa ni watu wa Ulaya, ambako baadhi ya vifaa hivyo vilitengenezwa na kuuzwa kwa miaka, na bado kabati la saizi halikuwatosha. Kwa upande wa pili, vipimo vilivyofanywa Asia ya mashariki vimeonyesha pingili ambazo kwa wastani ni ndogo zaidi, na hapo tatizo hugeuka: nafasi ni fupi kwa kimo kuliko kipandikizi kidogo kabisa kilichopo kwenye trei.

Bamba likiwa dogo, sehemu ya mfupa iliyokwanguliwa hubaki wazi, na mfupa ulio wazi una tabia ya kuota. Mfupa huu unaoota mahali usipotakiwa umepangwa katika ngazi tangu sifuri hadi nne. Ngazi ya nne ni pale mfupa mpya unapovuka daraja kutoka pingili hadi pingili, na kile kiungo cha gharama kubwa kinageuka kuwa kipande cha chuma kilichofungiwa ndani ya mfupa. Kipandikizi kikiwa kirefu mno nacho kinaleta yale ya Bristol: viungo vya nyuma vinavutwa, shingo inauma upande ambao haukuwa ukiuma, na mwendo uliotafutwa unapungua. Wapasuaji wa Taipei, Taiwan, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi juu ya aina moja ya diski bandia, wakitumia picha za CT baada ya angalau miaka miwili. Wao wenyewe waliiita kazi hiyo useremala, na wakagundua kwamba pale ambapo uso wa pingili haukufunikwa vizuri, au bamba limekaa likiwa limeinama, mfupa uliota zaidi na mwendo ukapotea zaidi. Mlango unaokwaruza sakafu hauponi kwa kununua bawaba ya bei kali. Seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, angekuambia hivyo bila kuhitaji CT.

Hapa msikilizaji makini ataninyooshea kidole, na ana haki. Katika uchunguzi huohuo wa Taipei, wagonjwa ambao mfupa uliwaota hawakuwa na maumivu zaidi kuliko wenzao. Na huko Ulaya mambo ni magumu zaidi kwa mtetezi wa diski bandia. Majaribio yaliyofanywa Uswidi na kutangazwa mwaka 2015, na yale ya Norwei yaliyotangazwa mwaka 2017, yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu baina ya diski bandia na kuunganishwa pingili, hayakuona tofauti ya maana katika maumivu wala ulemavu baada ya miaka miwili. Kule Norwei mfupa ulikuwa umeota kwa wengi, na haukuonekana kuwadhuru. Uholanzi nako walilinganisha njia tatu, ikiwemo ya kutoa diski na kuacha nafasi tupu, wakapata majibu ya namna hiyohiyo. Kama kiungo kinachocheza na pingili zilizoungana vinamfikisha mgonjwa mahali pamoja, kwa nini tuhangaike na milimita?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, wapo walioona tofauti. Jaribio la Marekani lililoiwezesha diski ya kwanza ya shingo kupata kibali cha mamlaka ya dawa na vifaa vya nchi hiyo mwezi Julai 2007 lilikuwa na wagonjwa 541. Baada ya miaka saba, waliorudi kupasuliwa mahali palepale walikuwa asilimia 4.8 kwa waliopewa diski, dhidi ya 13.7 kwa waliounganishwa. Ni tofauti kubwa, ingawa inafaa kuitazama kwa jicho moja lililofumba nusu: mtengenezaji ndiye aliyegharamia, mgonjwa na daktari walijua nani kapewa nini, na uamuzi wa kurudi chumba cha upasuaji hufanywa na binadamu mwenye matarajio yake. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwangu, wastani hauna shingo. Ukiwachanganya katika kapu moja waliowekewa diski iliyokaa sawasawa na waliowekewa iliyolazimishwa, unapata namba ya katikati isiyomhusu yeyote kati yao. Siwezi kudai kwamba majaribio ya Ulaya yangetoa jibu jingine kama kila kipandikizi kingekaa vema. Hayo hayakupimwa hivyo. Ninachosema ni kwamba matokeo yale yanaupa uzito uamuzi wa kuchagua mgonjwa anayefaa. Ikiwa faida ya diski bandia juu ya kuunganisha ni ndogo hata mambo yakiwa mazuri, basi hakuna faida iliyobaki ya kumlipia mtu ambaye diski haimkai. Sababu pekee ya kununua kiungo kinachocheza ni mwendo. Kisipocheza, mgonjwa amelipia muungano wa pingili kwa bei ya juu na kwa njia ndefu.

Wapasuaji wengine wana jibu jingine, la vitendo: kama nafasi haikubali kipandikizi, chonga nafasi. Ni kweli kwamba kila upasuaji wa aina hii una kuchonga ndani yake. Vichomozo lazima viondolewe ili neva ipumue, na kuna aina ya diski ambayo kwa ubunifu wake ilihitaji nyuso za pingili zisagwe kwa kekee zichukue umbo lake. Tatizo ni kwamba tabaka gumu lililofunika uso wa pingili ni jembamba, na ndilo linalobeba mzigo. Chini yake mfupa ni wa vitundu. Ukilikwangua ili kuba la paa liwe tambarare kama bamba, umepata mkao mzuri siku ya upasuaji na umeukaribisha mzamo baada ya miezi. Vilevile mfupa uliochongwa hutoa damu na chembe zinazochochea kuota. Aina nyingine za diski zina ukingo wima unaoingizwa kwenye mfereji uliokatwa katikati ya pingili ili kuzuia kuteleza. Katika pingili fupi, hasa zikipangwa diski mbili juu kwa juu, zimeripotiwa pingili zilizopasuka wima. Ndiyo maana naona ni hatua ya maana kwamba mwaka 2022 Marekani ilitoa kibali kwa diski za familia moja zenye nyuso tofauti, moja ikiwa na mgongo wa kuba na nyingine ikiwa bapa, ili mpasuaji achague inayofuata mfupa alioukuta. Baada ya miaka mingi ya kuufuatisha mfupa na chuma, chuma kimeanza kuufuata mfupa.

Basi kwa nini tusimalize kazi, kila mgonjwa akachapishiwa diski yake kwa printa ya pande tatu kutokana na picha zake za CT? Swali hili huulizwa sana siku hizi na linavutia. Kwa kifaa kisichocheza, kama kile cha kuunganisha pingili, wazo hilo lina mashiko. Kwa kiungo kinachocheza, lina vikwazo viwili. Viwango vya kimataifa vya kupima uchakavu wa diski bandia hutaka sampuli ichezeshwe kwenye mashine mizunguko milioni 10, kwa sababu vumbi la plastiki au la chuma linalotokana na msuguano linaweza kuula mfupa ulio jirani. Kipandikizi cha mtu mmoja, chenye mkunjo wake pekee, hakiwezi kupimwa hivyo kabla hakijawekwa. Kingekuwa jaribio ndani ya shingo ya mtu. Uso unaogusa mfupa unaweza kufuatishwa mgonjwa, lakini sehemu inayosuguana inabidi ibaki ile iliyopimwa. Kikwazo cha pili hakitajwi sana: picha ya CT inaonyesha shingo ilivyo baada ya kuugua. Nafasi imeshabanwa, kingo zimeota, pingili zimeinama mbele. Ukikinakili kipimo hicho kwa uaminifu wote umenakili ugonjwa. Daktari analazimika kukisia nafasi ilivyokuwa kabla, kwa kuzitazama pingili za juu na za chini ambazo bado ni nzima, na makisio hayo hayafanywi na printa.

Nimeulizwa pia, na watu wenye nia njema, kama mazungumzo haya yana nafasi huku kwetu, ambako wengi wenye shingo mbovu hawajafika hata kwenye mashine ya MRI. Yana nafasi, kwa sababu kifaa cha kuunganisha pingili nacho kina saizi, nacho huzama kikiwa kidogo na huvuta viungo vya nyuma kikiwa kirefu. Na shingo za hapa zina historia yake. Echarri na Forriol walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa wabeba kuni wa Kongo, watu wanaobeba mizigo mizito kichwani, na walikuta uchakavu wa pingili za shingo ukiwa mwingi mno kuliko kwa wenzao wasiobeba. Shingo iliyochakaa namna hiyo mara nyingi ina viungo vya nyuma vilivyokwisha na vichomozo pande zote. Hayo ndiyo mambo yaliyowafanya watu wakataliwe kuingia katika majaribio ya Marekani, pamoja na mifupa iliyopungua nguvu na pingili zinazoteleza. Kwa hiyo matokeo mazuri tunayosomewa yametoka kwa shingo zilizochujwa. Mtu aliyebeba mizigo miaka thelathini akiambiwa kwamba diski fulani imefanikiwa kwa asilimia kadhaa, aliyepimwa hakuwa yeye. Vipandikizi vinavyofika kwenye hospitali za Dar es Salaam na Nairobi vimebuniwa kwingine, na trei huja na saizi ambazo mwagizaji ameona zitalipa. Trei pungufu ni kishawishi kikubwa: mgonjwa ameshalala, shingo iko wazi, saizi inayofaa haipo, na ile inayokaribia iko mkononi.

Dawa ya kishawishi hicho huandaliwa kabla ya siku ya upasuaji. Picha za CT zipimwe, uso kwa uso, kwa kiwango kinachohusika. Eksirei zipigwe shingo ikiwa imeinama na ikiwa imenyooka kuona kama bado ina mwendo wa kuokolewa, kwa sababu kipandikizi huhifadhi mwendo uliopo na hakiumbi uliokwisha. Trei iagizwe ikiwa na saizi moja juu na moja chini ya ile iliyokadiriwa. Na fomu ya ridhaa anayotia sahihi mgonjwa iseme waziwazi kwamba, endapo hakuna saizi itakayokaa, mpasuaji ataunganisha pingili, na vifaa vya kufanyia hivyo viwe mezani. Mpasuaji mwenye njia ya pili mezani hana sababu ya kulazimisha ya kwanza. Najua baadhi ya wagonjwa watakasirika kuamka wakiwa na kitu ambacho hawakukiota usiku uliotangulia. Ni bora hasira hiyo kuliko shingo iliyotanuliwa milimita mbili.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na huwa linapuuzwa. Baada ya upasuaji mgonjwa apewe kadi yenye aina ya kipandikizi, madini yake, saizi yake kwa kimo, upana na kina, na pingili zilizowekewa. Chuma cha pua huitia doa picha ya MRI kuliko titani, na daktari atakayemwona mtu huyu miaka kumi baadaye, pengine Mwanza au Mombasa, pengine kwa maumivu ya pingili ya jirani, atahitaji kujua kivuli kile cheusi katikati ya picha kinaficha nini na kina ukubwa gani.